Nzi wa Matunda Hauawi kwa Wingi wa Dawa: Somo la Kunyunyizia Miembe

Msimu wa maembe unapokaribia, pampu za mgongoni hutolewa stoo kuanzia Mboghoni hadi Mbololo. Dawa hununuliwa, maji huchotwa, na mkulima huzunguka mti kwa mti hadi majani yadondoke matone. Wiki chache baadaye embe lililoiva hupasuliwa na ndani yake mna funza. Mkulima hulaumu dawa na kwenda dukani kutafuta iliyo kali zaidi. Mara nyingi dawa haina makosa. Kilichokosewa ni njia ya kuinyunyizia, wakati wake, au mdudu mwenyewe aliyelengwa.

Somo hili linaeleza wadudu wakuu wa miembe katika kaunti, njia za kunyunyizia zinazomfaa kila mmoja, jinsi ya kupima pampu, na jinsi ya kulinda nyuki, maji na afya ya mnyunyiziaji. Limeandikwa kwa ajili ya wakulima wa maembe wa Voi, Mwatate na Taveta, lakini mengi yake yanawafaa pia wenye maparachichi na machungwa katika milima ya Wundanyi.

MDUDU KWANZA, PAMPU BAADAYE

Nzi wa matunda anayesumbua zaidi leo si mwenyeji wa Afrika. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, katika ukanda wa pwani, na watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe kilichoko Kasarani, Nairobi. Mwaka 2005 alipewa jina Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na mwaka 2015 wanasayansi wakakubaliana kuwa ndiye yuleyule Bactrocera dorsalis anayejulikana tangu zamani huko Asia. Kutoka hapa Afrika Mashariki alisambaa katika nchi nyingi za bara hili.

Hasara yake haikuishia shambani. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha uuzaji wa maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sababu shehena zilikuwa zikikutwa na funza. Soko hilo halikufunguka tena hadi mwaka 2021, baada ya kuwekwa maeneo yanayodhibitiwa dhidi ya nzi huyu, Makueni ikiwa mbele. Miaka 7 ni muda mrefu kwa mkulima aliyepanda miche ya aina ya Apple, Kent au Tommy Atkins akitarajia bei ya nje.

Ili kumshinda, mkulima anapaswa kuyajua maisha yake. Nzi jike hutoboa ganda la embe kwa mkia wake wenye ncha na kuweka mayai chini kidogo ya ganda. Mayai huanguliwa kwa siku 1 hadi 3. Funza hula nyama ya tunda kwa takriban wiki moja au mbili. Tunda huoza na kuanguka, naye funza hutoka, huingia ardhini sentimita chache tu, na kugeuka kuwa bundo. Baada ya siku 10 hivi hutoka nzi mpya. Palipo na joto kama la Voi, mzunguko wote huweza kukamilika ndani ya mwezi mmoja, na jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai maishani mwake, hata kupita 1,000.

Katika maisha hayo, yai na funza wamefichwa ndani ya tunda, na bundo amefichwa udongoni. Dawa inayomwagwa juu ya majani na maganda haiwafikii. Anayeweza kufikiwa na pampu ni nzi mzima peke yake, naye huruka, hupumzika kwenye vivuli, na huingia kutoka shamba la jirani au porini. Ndiyo sababu mkulima anaweza kuloanisha mti mzima siku ya Jumatatu, na ifikapo Ijumaa nzi wengine wakawa wanataga kama kawaida.

NJIA YA KWANZA: KUNYUNYIZIA MTI MZIMA

Hii ndiyo njia iliyozoeleka. Dawa huchanganywa na maji mengi na kupigwa kwenye matawi yote. Njia hii ina mahali pake. Huwafaa wadudu wanaokaa juu ya mmea bila kuhama, kama vile vidung'ata, magamba meupe na vidukari, ambao hunyonya utomvu wa majani na vikonyo. Wadudu hawa huacha majimaji matamu ambayo huota ukungu mweusi kama masizi, na tunda lenye masizi halipati bei.

Kwa wadudu wa aina hii, mafuta maalumu ya kunyunyizia miti au sabuni ya kuua wadudu iliyosajiliwa hufanya kazi vizuri, kwa sababu huwaziba pumzi. Lakini ni lazima dawa imguse mdudu. Vidung'ata na magamba hupenda upande wa chini wa jani, kwa hiyo nozeli ielekezwe juu kutoka chini, na mnyunyiziaji aanze ndani ya mti, karibu na shina, akitoka nje. Majani yakianza kudondosha matone, inatosha. Kinachoanguka chini ni pesa inayomwagika na sumu inayoingia ardhini.

Mti mrefu haunyunyiziki vizuri kwa pampu ya mgongoni. Miembe mingi ya zamani imepita urefu wa nyumba, na dawa huishia nusu ya mti huku kilele kikibaki kuwa maficho. Kupogoa baada ya mavuno, ili mti usizidi mita 4 hivi na mwanga uingie katikati, ni hatua ya kwanza ya kunyunyizia vizuri. Mti uliopogolewa hunywa dawa kidogo, hukauka haraka baada ya mvua, na matunda yake hufikiwa bila kupanda.

NJIA YA PILI: KUNYUNYIZIA CHAMBO KWA MADOA

Kwa nzi wa matunda, kuna njia bora zaidi inayotumia udhaifu wake. Nzi jike hawezi kukomaza mayai bila kula protini. Anapotoka udongoni hutafuta chakula hicho kwanza, kabla ya kuanza kutaga. Mkulima humwekea chakula chenye sumu: chambo cha protini, ambacho huweza kutengenezwa kutokana na hamira inayobaki katika viwanda vya bia, kikichanganywa na dawa kidogo ya kuua wadudu.

Chambo hakipigwi mti mzima. Huwekwa doa moja katika kila mti, lenye ukubwa wa takriban mita 1 ya mraba, kwa kiasi cha mililita 50 hivi. Doa huwekwa kwenye majani yenye kivuli, upande wa chini wa majani panapowezekana, na mbali na matunda. Matone yawe makubwa, si ukungu, ili yashike na kudumu. Nzi hufuata harufu, hula, na kufa kabla ya kutaga.

Hesabu yake inafaa kuangaliwa. Chukulia ekari moja ya shamba huko Mata yenye miembe 40. Mkulima akinyunyizia mti mzima kwa lita 5 kila mti, atahitaji lita 200 za mchanganyiko, yaani pampu 10 za lita 20. Akitumia chambo kwa madoa ya mililita 50, atahitaji lita 2 tu kwa ekari nzima. Mahali ambapo maji huchotwa kwa punda au kununuliwa kwa mtungi, tofauti hiyo peke yake ni ahueni kubwa. Isitoshe, matunda hayaguswi na sumu, na wadudu marafiki walioko sehemu nyingine za mti hubaki hai.

Kazi hii huanza maembe yangali machanga, kabla hayajaanza kukomaa, kwa sababu nia ni kupunguza nzi kabla matunda hayajawavutia. Hurudiwa kila wiki hadi mavuno yaishe. Mvua ikinyesha na kuosha madoa, hurudiwa mapema zaidi. Mkulima anayengoja hadi aone embe lililooza amechelewa, kwani funza wa tunda hilo tayari wako njiani kuelekea udongoni.

NJIA YA TATU: KUNYUNYIZIA SHINA NA KUWEKA MITEGO

Fukusi wa kokwa ni mdudu mwingine anayeharibu jina la maembe. Jike hutaga juu ya tunda changa, na mtoto wake huchimba hadi ndani ya kokwa na kuishi humo. Nje tunda linaonekana zima. Fukusi mzima huishi muda mrefu, lakini hapendi kuruka mbali. Baada ya msimu hujificha kwenye nyufa za magome, kwenye panda za matawi na chini ya takataka zilizo karibu na mti. Kwa hiyo kumpiga dawa tunda likiwa kubwa hakuna faida. Dawa iliyosajiliwa kwa kazi hiyo hupigwa kwenye shina na panda za matawi makubwa kabla maua hayajachanua, pamoja na kukusanya na kuteketeza makokwa yote yaliyotapakaa shambani na nyumbani.

Mitego haihitaji pampu, lakini humwambia mkulima lini aitumie. Chambo cha methili eugenoli huwavuta nzi dume wa Bactrocera dorsalis kutoka mbali. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu, yenye pamba iliyolowekwa chambo hicho pamoja na dawa, hutundikwa kivulini kwenye tawi. Nzi huhesabiwa kila wiki na idadi kuandikwa katika daftari. Idadi ikipanda, chambo cha protini kianze. Mitego ikiwa mingi na kupangwa vizuri, hupunguza madume kiasi kwamba majike wengi hukosa wa kupandana nao.

USAFI WA SHAMBA HAUNA MBADALA

Hakuna njia ya kunyunyizia itakayofaulu ikiwa maembe yaliyooza yameachwa chini ya miti. Embe moja lililoanguka laweza kutoa makumi ya nzi. Matunda hayo yaokotwe angalau mara 2 kwa wiki, na yasitupwe kwenye shimo la takataka lililo wazi. Yafukiwe kwa kina cha nusu mita au zaidi, au yafungwe ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani siku kadhaa hadi funza wote wafe kwa joto. Jua la Voi hufanya kazi hii bila malipo. Yaliyokwisha kuchemshwa na jua yanaweza kuzikwa kama mbolea.

Nzi wa matunda hula pia mapera, machungwa, maparachichi na matunda ya porini kama ng'ongo. Kwa hiyo mkulima mmoja akisafisha shamba lake na jirani zake watano wakaacha yao, nzi watarudi kila asubuhi. Kazi ya kuokota matunda, kutundika mitego na kuweka chambo hufaulu zaidi ikifanywa na kijiji kizima kwa siku zilizopangwa. Vikundi vya wakulima vilivyopo katika wadi vinaweza kupanga siku moja ya wiki iwe ya kazi hiyo kwa wote.

Wapo pia wasaidizi wasiolipwa. icipe iliwaleta na kuwaachilia nchini nyigu wadogo wa aina ya Fopius arisanus, ambao hutaga ndani ya mayai ya nzi wa matunda na kumwangamiza nzi kabla hajazaliwa. Upande wa pwani, siafu wekundu wa juu ya miti waitwao maji moto hushika doria kwenye miembe, na utafiti uliofanywa Benin ulionyesha kuwa miti yenye siafu hao hupata madhara machache ya nzi wa matunda. Dawa kali inayopigwa mti mzima huwaua nyigu na siafu hao pamoja na adui.

FUNZO KUTOKA MASHAMBA YA MATOFAA

Wakulima wa matofaa wa Marekani walilipitia jambo hili kabla yetu. Adui wao mkubwa ni nondo ambaye funza wake huingia ndani ya tofaa, kama vile nzi wetu anavyoingia ndani ya embe. Tangu miaka ya 1890 walimpiga kwa arsenati ya risasi, sumu yenye madini mawili mabaya. Walipiga mara nyingi zaidi kila mwaka, na kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imeonekana kuwa nondo katika baadhi ya maeneo hafi tena kwa urahisi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakahamia DDT. Nondo walipungua kwa muda, lakini utitiri mwekundu, ambao zamani ulikuwa mdudu mdogo asiyesumbua sana, ukafurika mashambani kwa sababu wadudu waliokuwa wakiula walikuwa wameuawa. Hadi leo risasi na arseniki zingali katika udongo wa mashamba mengi ya zamani ya matofaa.

Kutokana na hasara hiyo ndipo wakajifunza kutega, kuhesabu, kuchagua wakati, na kunyunyizia pale tu panapohitajika. Mkulima wa Taita Taveta hana haja ya kuipitia njia hiyo yote upya.

KUPIMA PAMPU

Wakulima wengi hupima dawa kwa kifuniko cha chupa na kukisia idadi ya miti. Kupima pampu huchukua dakika chache na hufanywa kwa maji matupu.

1. Jaza maji safi, pampu ipate mgandamizo wa kawaida, kisha nyunyizia ndani ya ndoo kwa dakika 1. Pima maji kwa chombo chenye alama za mililita. Tuseme yamepatikana mililita 1,000, yaani lita 1.

2. Nyunyizia mti mmoja wa wastani kwa maji hayo matupu hadi majani yaloe bila kudondosha sana. Hesabu dakika. Tuseme ni dakika 5. Basi mti mmoja hunywa lita 5.

3. Gawanya ujazo wa pampu kwa kiasi hicho. Pampu ya lita 20 itatosha miti 4. Miti 40 itahitaji pampu 10.

4. Soma lebo. Ikiwa lebo inasema mililita 1 kwa kila lita ya maji, kila pampu itapata mililita 20 za dawa, na shamba zima mililita 200. Nunua kiasi hicho, si zaidi.

Nozeli huchakaa. Ikiwa inatoa maji kwa asilimia 10 zaidi ya ilivyotoa ikiwa mpya, ibadilishwe, kwa maana dawa inamwagika na matone hayagawanyiki sawasawa. Nozeli iliyoziba isafishwe kwa mswaki laini na maji. Kuipuliza kwa mdomo ni kunywa sumu.

WAKATI WA KUNYUNYIZIA

Saa za asubuhi mapema au jioni ndizo bora. Jua la mchana katika maeneo ya chini ya kaunti hukausha matone kabla hayajafika kwenye jani, na upepo wa alasiri huyapeleka kwa jirani. Dalili nzuri ni majani mepesi yanayocheza taratibu. Vumbi likiinuka njiani, kazi iahirishwe. Mnyunyiziaji daima aende upepo ukimpiga mgongoni au ubavuni, asitembee kuelekea ukungu wa dawa yake.

Maua yakiwa yamefunguka, dawa za kuua wadudu zisipigwe. Embe huchavushwa na nyuki na nzi wa kawaida, na ua lisilochavushwa halizai. Magugu yenye maua chini ya miti yafyekwe kabla ya kunyunyizia, maana nyuki hufika hapo pia.

Katika kaunti hii nyuki wana kazi ya ziada. Huko Sagalla, wakulima wanaoishi kando ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki hutumia ua wa mizinga ili kuzuia tembo wasiingie mashambani. Mizinga hufungwa kwa waya mmoja, na tembo akiugusa waya huo, nyuki hutoka. Mpango huo, ulioendelezwa na mtafiti Lucy King akiwa na shirika la Save the Elephants, huwapa wakulima ulinzi na asali kwa pamoja. Mzinga uliokufa kwa sumu ni pengo katika ua, na tembo hukawii kulijua pengo. Kwa hiyo mwenye miembe aliye karibu na mizinga amjulishe mwenye nyuki angalau siku moja kabla, apige dawa jioni nyuki wakiwa wamerudi, na achague njia ya madoa panapowezekana.

LEBO NI SHERIA

Dawa zote za kuua wadudu zinazouzwa Kenya zinapaswa kusajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, ambayo wengi huijua kama PCPB, chini ya Sura ya 346 ya Sheria za Kenya. Mnunuzi aangalie namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama zao lake limetajwa kwenye lebo. Dawa ya kupe si dawa ya maembe. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isinunuliwe kabisa, hata ikiwa bei ni ya kuvutia.

Mkanda wa rangi ulio chini ya lebo huonyesha ukali wa sumu: nyekundu ni hatari zaidi, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, na kijani ni hafifu kuliko zote. Hafifu hakumaanishi salama kunywa au kuogea.

Kila lebo hutaja siku za kusubiri kati ya kunyunyizia na kuvuna. Ikiwa ni siku 7 na mteja amekuja siku ya 4, embe hilo bado halijawa chakula. Mabaki ya dawa hayaonekani kwa macho wala hayaishi kwa kuoshwa tu, na wa kwanza kuyala mara nyingi ni watoto wa mkulima mwenyewe. Shehena inayokutwa na mabaki kupita kiwango hukataliwa, na jina la eneo zima huchafuka.

Pia dawa moja isitumiwe msimu baada ya msimu. Wadudu wachache wasiokufa huzaa watoto wasiokufa. Lebo nyingi huonyesha kundi la dawa kwa namba. Mkulima abadilishe kundi. Kubadilisha jina la biashara pekee hakutoshi, kwa sababu majina mawili tofauti yanaweza kuwa sumu ileile.

MWILI WA MNYUNYIZIAJI NA MAJI YA WOTE

Mnyunyiziaji avae ovaroli au nguo ya mikono mirefu, gambuti huku suruali ikiwa nje ya gambuti, glavu, miwani ya kuzuia matone, na kinga ya pua na mdomo inayotajwa na lebo. Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kuchanganya, dawa ikiwa bado haijazimuliwa. Hapo glavu na miwani zisikosekane. Asile, asivute sigara wala kutafuna chochote kazini. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wakae mbali. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Dalili za sumu ni kichwa kuuma, kizunguzungu, jasho jingi, kutokwa na mate, macho kufifia, kutapika au kupumua kwa shida. Mgonjwa aondolewe shambani, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na apelekwe kituo cha afya kilicho karibu mara moja pamoja na lebo au chupa ya dawa. Asilazimishwe kutapika, na asipewe maziwa kama dawa.

Chupa tupu isuuzwe mara 3, na maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya pampu na kunyunyiziwa. Kisha itobolewe ili isitumike tena kubebea maji au mafuta ya kupikia. Pampu isioshewe mtoni. Mto Lumi unaingia Ziwa Jipe, ambako watu huvua samaki. Na maji ya Mto Voi yanapopatikana hunywewa na watu na mifugo njia nzima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mkulima amepasua embe na kukuta funza. Je, akinyunyizia mti mzima leo, funza hao watakufa?

2. Shamba lina miembe 60. Chambo cha mililita 50 kwa kila mti kitahitaji lita ngapi?

3. Pampu ya lita 16 hutoa lita 1 kwa dakika, na mti mmoja huchukua dakika 4. Pampu hiyo itatosha miti mingapi?

4. Lebo inataja siku 14 za kusubiri. Dawa imepigwa tarehe 3. Ni tarehe gani ya mapema zaidi ya kuvuna?

Majibu: (1) Hapana, dawa haiwafikii ndani ya tunda, tunda hilo liokotwe na kufukiwa au kufungwa kwenye mfuko mweusi. (2) Lita 3. (3) Miti 4. (4) Tarehe 17.

Mkulima aliyejibu yote manne anaweza kuanza wiki hii kwa kazi isiyohitaji dawa hata tone: kuokota kila embe lililoanguka, kutundika mtego mmoja, na kuandika idadi ya nzi kwenye daftari. Akiwa na daftari hilo mkononi, afisa wa kilimo wa wadi ataweza kumshauri kwa uhakika ni njia ipi imfae na ianze lini.